Kuacha Tumbaku, na Kudumu Katika Kuiacha



Ndugu wasomaji, kila mwaka Ramadhani inapokaribia kwisha, suali moja huletwa kwetu sisi walimu wa vyuo, mara na mume mwenyewe, mara na mkewe: "Maalim, mtu amejizuia mwezi mzima tangu alfajiri hata magharibi, mbona Idi imemrudisha pale pale alipokuwa?" Suali hili ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa kukemea. Wengi wajua kuwa tumbaku inadhuru, na bado wavuta. Na wengi walioiacha kwa nia safi wameirudia. Kwa hiyo katika mazungumzo yetu ya mwezi huu tutaeleza mambo matatu: madhara yenyewe, sababu ya kuwa kuacha ni kuzito, na njia ya kudumu baada ya kuacha. Hilo la tatu ndilo kubwa, kwani mwenye kuacha siku tatu na mwenye kuacha miaka thelathini hawakutofautiana katika kuanza. Wametofautiana katika kudumu.

TUMBAKU NA WATU WA ZIWA

Asili ya mmea huu ni Amerika, na watu wa mabara mengine hawakuujua ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Huku kwetu si mgeni wa jana. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwezi wa Februari 1858, ameeleza kuwa watu wa ufuko huu walikuwa na desturi yao wenyewe: mtu alichukua kijungu kidogo au kibuyu chenye tumbaku, akaitia maji, akaikamua, akayavuta maji yake puani, kisha akaibana pua kwa kibano ili yasitoke upesi. Basi asidhani mtu kuwa ugoro ni salama kwa kuwa wazee wetu waliutumia. Wazee walitumia vitu vingi ambavyo madhara yake yalikuwa hayajafunuliwa.

Hata leo mkoa wetu una mashamba ya tumbaku, hasa upande wa Kasulu na Kibondo, na jirani zetu wa Tabora na Urambo wanajulikana kwa zao hilo. Mkulima naye hasalimiki. Majani mabichi yaliyolowa umande hupenyeza nikotini katika ngozi ya mvunaji, akashikwa na kizunguzungu na kutapika. Na kuni za kukaushia zao hilo zimemaliza miti mingi ya miombo. Jambo hili lataka maelezo yake mbali. Leo tunasema na mtumiaji.

KAULI YA DINI KWA UFUPI

Wako wasemao: "Tumbaku haikutajwa katika Kurani." Ni kweli, kwani ilikuwa haijafika nchi za Waislamu. Ilipofika, wanazuoni walihitalifiana. Katika karne ya 17, huko Misri, Sheikh Ibrahim al-Laqani aliikataza, na Sheikh Ali al-Ujhuri akaijuzisha, na wote wawili walikuwa wa madhehebu ya Imam Malik. Hoja ya walioijuzisha ilikuwa kwamba haiondoi akili kama ulevi uiondoavyo. Lakini tutazame: walihitalifiana wakati ambapo hapakuwa na tabibu aliyeweza kuwaonyesha mapafu ya mvutaji wala kuhesabu maiti zake. Leo hesabu iko wazi. Nasi twajua kwamba Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu (Suratul Baqara, aya ya 195), na ametukataza kuziua nafsi zetu (Suratun Nisaa, aya ya 29). Na Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu asiwaudhi watu msikitini kwa harufu yake, ilhali kitunguu ni chakula halali chenye manufaa. Mwenye akili na apime mwenyewe.

MADHARA YENYEWE

Moshi wa tumbaku si kitu kimoja. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na kiasi cha 70 katika hizo zajulikana kuwa huleta saratani. Tutaje vitu vitatu tu. Cha kwanza ni lami, ile takataka nyeusi inayoganda mapafuni kama masizi yagandavyo katika dari ya jiko la kuni. Cha pili ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo ndiyo ile ile iuayo watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni, na moyo ukalazimika kufanya kazi zaidi kwa manufaa haba. Cha tatu ni nikotini, na huyo ndiye mfungaji wa pingu. Tutarudi kwake.

Matokeo yake ni saratani ya mapafu, ya koo, ya mdomo, ya umio, ya kongosho na ya kibofu, maradhi ya moyo, kiharusi, na ile pumu ya uzeeni ambayo mtu hawezi kutembea toka kitandani hadi mlangoni bila ya kuhema. Na kifua kikuu, ambacho sisi tumekizoea kwa jina na kwa misiba, humpata mvutaji zaidi ya mara mbili kuliko asiyevuta. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kwamba kati ya watumiaji wasioacha, hata nusu yao huuawa nayo. Haya si mambo ya kupigia ramli. Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza uchunguzi wao kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu wengi mno walikuwa wavutaji wa sigara. Tangu mwaka 1951 wakawafuatilia madaktari wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000, na baada ya miaka 50, yaani mwaka 2004, jawabu likatolewa: mvutaji asiyeacha hupungukiwa, kwa wastani, na kiasi cha miaka 10 ya umri ambao mwenziwe asiyevuta huupata. Na Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Alipoona hesabu zake zinaelekea wapi, aliacha kabla hajaumaliza uchunguzi ule wa kwanza, akaishi hata mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 92.

Ewe msomaji, usiyasome haya kama habari za Uingereza. Mtu wa Ujiji akipatwa na saratani, matibabu makubwa humngojea mbali: Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, na kwa reli ya kati toka Kigoma hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,200. Huenda yeye na mtu wa kumwuguza. Na nyuma yao mtumbwi huuzwa, shamba la michikichi huwekwa rehani, na mtoto huacha skuli. Sigara moja haionekani kuwa na bei hiyo, kwa sababu bei yake hulipwa kidogo kidogo na watu wengi.

Na wale wasiovuta? Mtoto alalaye chumba kimoja na baba mvutaji hupatwa zaidi na homa ya mapafu, maradhi ya masikio na pumu. Mama mja mzito atumiaye tumbaku, au akaaye katika moshi wake, yu katika hatari ya kuzaa mtoto mwepesi au kabla ya siku zake. Ugoro nao, uwe wa kunusa au wa kutia mdomoni, una nikotini ile ile, na ule utiwao mdomoni huleta saratani ya mdomo na ya umio. Na vijana wadhaniao kuwa shisha ni mvuke wa matunda uliosafishwa na maji, wajue kwamba maji hayaondoi sumu. Katika kikao kimoja mtu huvuta moshi mwingi kupita ule wa sigara nyingi.

Wavuvi wetu wa Kibirizi na Katonga hutoa udhuru wao: "Usiku ziwani kuna baridi, sigara yatupa joto." Udhuru huu tumeusikia mara nyingi, nao ni kinyume cha ukweli. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na damu ikapungua vidoleni, na vidole vikazidi kupoa. Anachokihisi mvuvi ni moto wa kiberiti na kutulia kwa tamaa. Joto la kweli limo katika koti zito na chupa ya chai ya tangawizi.

KWA NINI KUACHA NI KUZITO

Sasa tumrudie nikotini. Mtu avutapo, nikotini hufika ubongoni kwa muda wa kama sekunde 10. Hapo ubongo hupata raha ndogo. Lakini baada ya saa chache kiasi chake katika damu hupungua, na mwili huanza kudai: moyo wadunda, fikira zatawanyika, hasira yakaribia. Mtu huwasha nyingine, na dhiki yaondoka. Naye husema, "Sigara yanituliza." La! Sigara hii imeondoa dhiki iliyoletwa na sigara ya kabla yake. Ni sawa na mtu avaaye kiatu kinachombana makusudi apate raha ya kukivua.

Tena iko mazoea. Avutaye sigara 10 kwa siku huvuta 3,650 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni 73,000. Na kila sigara ina mivuto yake kama kumi. Mara zote hizo mkono umeufundisha moyo kwamba baada ya chakula ni sigara, pamoja na kahawa ya barazani ni sigara, penye huzuni ni sigara, penye furaha ni sigara. Mwanafunzi aliyekariri namna hiyo hawezi kusahau kwa siku moja.

Hapa ndipo lilipo jawabu la suali letu la Ramadhani. Kwetu Kigoma saumu huchukua kiasi cha saa 13. Wataalamu wasema kwamba saa 12 baada ya sigara ya mwisho, ile hewa ya sumu katika damu hushuka hata kufikia kiasi cha kawaida. Maana yake, kila magharibi mwili wa mfungaji umekwisha fika mlangoni pa uhuru, naye kwa kijiti kimoja cha kiberiti huurudisha nyuma. Mchana kutwa hakuiacha sigara, aliiahirisha. Aliyeahirisha si aliyeacha. Moyo wake ulikuwa ukihesabu saa, na sigara ya baada ya futari ikawa tamu kuliko zote kwa kuwa imeondoa dhiki ya saa 13. Basi mtu huyu katika mwezi mzima amejifunza kuingoja tumbaku, wala hakujifunza kuishi bila ya tumbaku.

Lakini ndani ya jawabu hili imo bishara njema. Dhiki ya kuacha hufikia ukali wake katika siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na kwa watu wengi huwa imetulia baada ya wiki mbili hadi nne. Siku 29 au 30 za Ramadhani zatosha kuuvuka mto huo, ikiwa usiku nao umeachwa. Na asiyetaka kungoja Ramadhani, na asingoje. Mwezi wowote una siku za kutosha.

NJIA YA KUANZA

Kwanza, mtu aiweke siku, asiseme "karibuni nitaacha". Siku hiyo atoe nyumbani sigara, kiberiti cha mfukoni na kisahani cha majivu, na awaambie mkewe na rafiki zake. Wala asiogope kuambiwa kwamba alijaribu akashindwa, kwani wengi walioacha kwa kudumu walijaribu zaidi ya mara moja.

Pili, apangapo siku, azipange na saa za hatari. Kama sigara yake ilikuwa pamoja na kahawa, kwa wiki mbili anywe chai, au akae upande wa wasiovuta. Kama ilikuwa baada ya chakula, ainuke mara moja akapige mswaki wa mti. Mvuvi na achukue karanga au muhogo mkavu wa kutafuna usiku.

Tatu, tamaa kali ya kuvuta huja kama wimbi, na kwa kawaida huchukua dakika chache tu. Asishindane nayo kwa maneno. Anywe maji, atembee, alete istighfari au dhikiri yoyote kwa hesabu, na kabla hajamaliza wimbi litakuwa limepita. Hakulazimishwa kushinda maisha yake yote kwa mara moja. Amelazimishwa dakika tano.

Nne, iko dawa. Upo ubani wa kutafuna na plasta ya kubandika ngozini vyenye nikotini kidogo bila ya moshi, navyo vimo katika orodha ya Shirika la Afya la Dunia ya dawa za lazima tangu mwaka 2009. Apatapo, na aulize daktari, hasa mja mzito na mgonjwa wa moyo. Kutumia dawa si udhaifu wa imani. Ni kufuata sababu.

NJIA YA KUDUMU

Hapa sasa ndipo wengi waangukapo. Adui wa wiki ya kwanza hupiga kelele, kila mtu humwona. Adui wa mwezi wa sita hana kelele, ana maneno laini: "Wewe umekwisha ushinda, moja tu haikudhuru." Ajue kila mwenye kuacha kwamba kwake yeye hakuna moja tu. Ubongo haukuisahau njia ya zamani. Nyasi zimeota juu yake, na mguu mmoja watosha kuifungua tena.

Mtu husahau upesi dhiki aliyotoka, na hukumbuka utamu peke yake. Kwa hiyo twamshauri aandike siku ya kwanza hali yake ilivyo: anakohoa mara ngapi asubuhi, na apandapo kilima toka ufukweni kwenda mjini husimama mara ngapi kupumzika. Kikaratasi hicho akiweke. Baada ya miezi mitatu na apande kilima kile kile na kikaratasi mkononi. Kukohoa kwaweza kuzidi kidogo mwanzoni, kwani mapafu yanajisafisha. Lakini kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa kikohozi na kuhema hupungua. Baada ya mwaka mmoja hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo huwa kiasi cha nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa kiasi cha nusu. Na wale madaktari wa Uingereza walionyesha kwamba aachaye akiwa na umri wa miaka 60 hujipatia kiasi cha miaka 3 ya kuishi, wa miaka 50 hupata 6, wa 40 hupata 9, na wa 30 hupata karibu yote 10. Umri u mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini Yeye ndiye aliyeweka sababu, naye atatuuliza tulizitumiaje. Basi asiseme mzee, "Nimekwisha chelewa."

Tena na kiwepo kibubu. Fedha ya sigara ya kila siku itiwe humo mbele ya watoto, na mwisho wa mwezi ifunguliwe. Mvuvi mmoja jirani yetu, ambaye Idi mbili zilikuwa zimemwangusha, mara ya tatu alifungua kibubu chake usiku wa Idi wenyewe, akawanunulia watoto wake nguo kwa fedha ile. Asubuhi yake, rafiki zake walipomnyoshea sigara baada ya swala, aliwaonyesha kanzu ya mwanawe. Mpaka leo hajarudi.

Ama aliyeteleza, asifanye kuteleza kuwa kulala. Aliyevuta moja jana, leo hajavuta. Na aitazame sababu iliyomwangusha, iwe hasira, msiba au baraza fulani, aizibe njia hiyo, kisha aendelee. Amali ipendezayo kwa Mwenyezi Mungu, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), ni ile idumuyo ijapokuwa ndogo.

NENO KWA WATU WA NYUMBANI

Ewe mama wa nyumba, mumeo aachapo, wiki mbili za kwanza atakuwa mwepesi wa hasira na mzito wa usingizi. Hiyo ni dhiki ya mwili, si chuki kwako. Usimwambie "najua utarudi", kwani neno hilo limewarudisha wengi. Mpikie, mpe maji, mshukuru Mungu mbele yake. Akinenepa kilo chache, usimcheke. Ni kawaida, na ni heri kuliko kikohozi.

Nawe baba, usimtume mtoto dukani kukununulia sigara. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya umri wa miaka 18. Na kabla ya sheria, uko uchungu wa mzazi. Sisi twawaona chuoni watoto wa miaka saba wakishika kalamu kama baba zao washikavyo sigara, wakipuliza hewa. Hawakufundishwa na mtu. Wameona tu. Na siku watakayomwona baba huyo huyo akiikataa sigara aliyopewa bure, watakuwa wameona pia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape nguvu walioacha, awafungulie njia wanaotaka kuacha, na awaponye waliokwisha patwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.